Mabati: Ukomo wa Mnyumbuko na Uchaguzi wa Daraja (Arua na Koboko)

Bati la kuezekea nyumba za Arua na Koboko, Nile Magharibi, Uganda, kwa kawaida ni chuma chenye kaboni kidogo kilichopitishwa kwenye rola kikiwa baridi, kisha kikapakwa zinki au mchanganyiko wa alumini na zinki. Ukomo wa mnyumbuko ni kiwango cha mkazo ambacho bati likikivuka halirudi tena katika umbo lake. Dukani mnunuzi huuliza geji, yaani unene. Geji peke yake haitoshi, kwa sababu mabati mawili ya unene mmoja huweza kupishana nguvu hata mara mbili.

Asili ya nguvu

Rola zinapokibana chuma, punje zake hurefuka na kasoro katika mpangilio wa atomi huongezeka hadi zikazuiana kusogea. Ukomo hupanda, lakini uwezo wa kukunjika hupungua. Chuma hupangwa kwa madaraja kulingana na ukomo na urefukaji wake. Daraja la Ulaya DC01, ambalo hulainishwa tanuruni baada ya rola, lina ukomo usiozidi megapaskali 280 na hurefuka asilimia 28 au zaidi kabla ya kukatika. Daraja G550 lina ukomo usiopungua 550, ilhali urefukaji unaotakiwa ni asilimia 2 tu.

Uchaguzi

Kwa paa, bati gumu lina hoja nzito. Kwa mikunjo ileile, uwezo wa kuhimili mzigo hufuata takriban unene ukizidishwa kwa ukomo. Bati la milimita 0.3 lenye ukomo wa 550 hulishinda la milimita 0.38 lenye 300, ingawa geji ya pili ndiyo inayosifiwa. Wapo watakaosema kwamba bati jembamba sana haliaminiki. Hoja hiyo ina msingi: kanuni ya Australia na New Zealand, AS/NZS 4600, hairuhusu msanifu kuhesabu zaidi ya megapaskali 410 kwa G550 isiyofika milimita 0.6. Hata kwa 410 bati jembamba bado linaongoza. Hata hivyo ugumu haupunguzi kupinda chini ya mzigo, kwa maana ukinzani dhidi ya kupinda hutegemea unene na umbo, nao haubadiliki kwa daraja. Mapao yaliyoachana mno hayaponywi na chuma kigumu, wala kutu haizuiwi nacho. Kutu huzuiwa na uzito wa zinki.

Kwa fundi wa gata, masanduku ya shule na karai, hesabu hugeuka. Kazi yake ni kukunja kingo kwa kubana sana, na bati gumu hupasuka kwenye mkunjo. Kwa sigiri ugumu ni gharama bure, kwani joto la makaa hulainisha chuma. Uchomeleaji nao hudhoofisha sehemu iliyo kando ya kiungo.

Wengine hudai kwamba fundi hana mashine ya kupima ukomo. Ni kweli, lakini kiwanda kinayo. Daraja na uzito wa zinki vikichapishwa kando ya geji, fundi hahitaji kubahatisha.

Viwanda

Kati ya viwanda vya mabati vya Uganda, Uganda Baati ilianzishwa mwaka 1964, na Roofings mwaka 1994.

Hali ya sasa

Koboko ilitengwa na Arua kuwa wilaya mwaka 2005. Arua ikawa jiji mwaka 2020. Kote kuwili nyumba zinaendelea kuezekwa kwa bati.