Mkate wa Amy: msiba uliogeuka kuwa kazi ya mtaa

  Zamu ya historia ni yetu tena, na safari hii hatuandiki juu ya wafalme wala mipaka ya wakoloni. Tunaandika juu ya jambo ambalo limetukuta sisi wenyewe: mtu akifa, sisi tuliobaki tumkumbuke vipi?

Wengi wa hapa mnajua. Mwezi wa pili tulimpoteza mwenzetu aliyekuwa akifundisha watoto hesabu na Kiingereza kila jioni, bila mshahara, na ubao wake mmoja uliovunjika kona. Aliugua siku chache tu. Tukachanga, kila mtu alichokuwa nacho, na baada ya mazishi zikabaki kwacha 86,000. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine wakasema tununue saruji tujenge kaburi lake vizuri. Wengine wakataka tisheti zenye picha yake. Wengine wakasema hapana, watoto wake wa jioni wanakaa bure, pesa iende kwao. Tulikaa vikao vitatu na karibu tugombane kabisa. Mpaka leo pesa iko kwa mweka hazina.

Katikati ya mabishano hayo mmoja wetu akaleta historia hii ya Afrika Kusini. Tukaisoma, tukaibishania, na tunaileta kwenu.

GUGULETHU, AGOSTI 1993

Gugulethu ni mtaa ulioko nje kidogo ya Cape Town. Jina lake kwa Kixhosa maana yake ni "fahari yetu", lakini mtaa wenyewe ulianzishwa na serikali ya ubaguzi ili watu weusi wakae mbali na mji. Hata barabara hazikupewa majina ya maana. Zilipewa herufi NY na namba: NY1, NY2, zikimaanisha uwanja wa "watu wa asili", kama wazungu walivyowaita. Sisi tunaoishi kwa namba za nyumba na namba za kadi tunaelewa haraka jambo hilo.

Mwaka 1993 Afrika Kusini ilikuwa katikati. Mandela alikuwa ametoka gerezani tangu 1990, mazungumzo yalikuwa yanaendelea, lakini mtu mweusi alikuwa bado hajapiga kura. Watu waliendelea kufa. Kwetu mwaka huo unakumbukwa kwa jambo lingine: Oktoba 1993 Rais Ndadaye aliuawa Burundi, na wazazi wa baadhi yetu wakaanza safari ambayo haijaisha. Sisi hatukuwa tumezaliwa.

Amy Biehl alikuwa Mmarekani mzungu, miaka 26. Alisoma Chuo Kikuu cha Stanford, kisha akaja Cape Town kwa ufadhili wa Fulbright, akawa katika Chuo Kikuu cha Western Cape. Alikuwa anachunguza haki na nafasi ya wanawake katika nchi mpya iliyokuwa inakuja, na alisaidia watu kujiandaa kwa uchaguzi wa kwanza. Yaani alikuwa upande wa watu wa Gugulethu.

Tarehe 25 Agosti 1993, siku chache tu kabla ya kurudi kwao, aliwapeleka marafiki zake nyumbani kwa gari. Siku hiyo vijana walikuwa wametoka kwenye mkutano wa wanafunzi wa chama cha PAC, wakiimba kaulimbiu ya wakati ule: mlowezi mmoja, risasi moja. Wakaona mzungu ndani ya gari. Mawe yakaanza. Amy akapigwa kichwani, akatoka, akakimbia kuelekea kituo cha mafuta. Marafiki zake walipiga kelele kwamba huyu ni mwenzetu katika mapambano. Hakuna aliyesikiliza. Akapigwa na kuchomwa kisu, akafa.

Tulipofika hapa kwenye kusoma, chumba kilinyamaza. Baadhi yetu tumewahi kusikia kelele za namna ile. Mtu anauawa kwa sababu ya sura yake, na waliokuwa naye wanaosema "huyu ni wetu" hawasikilizwi.

TUME NA WAZAZI

Vijana wanne walihukumiwa kifungo cha miaka 18 kila mmoja. Majina yao yanajulikana: Mongezi Manqina, Vusumzi Ntamo, Easy Nofemela na Ntobeko Peni.

Baada ya uchaguzi wa 1994 serikali mpya iliunda Tume ya Ukweli na Maridhiano, mwenyekiti wake Askofu Mkuu Desmond Tutu. Aliyetenda kosa la kisiasa aliweza kuomba msamaha wa kisheria kwa masharti: aeleze ukweli wote hadharani, na aonyeshe kwamba sababu ilikuwa siasa. Watu zaidi ya 7,000 waliomba, na wengi walikataliwa. Kwa hiyo wale wanaosema tume ile ilimsamehe kila mtu, wamekosea.

Wale wanne waliomba. Mwaka 1997 wazazi wa Amy, Peter na Linda Biehl, walikuja kutoka Marekani, wakakaa katika kikao na kusikiliza jinsi mtoto wao alivyouawa. Kisha wakasema hawatapinga. Waliheshimu mpango ambao nchi hiyo ilikuwa imejichagulia, kwa sababu binti yao aliuamini. Wakawasalimia kwa mikono wazazi wa vijana wale. Mwezi wa saba 1998 wanne hao wakaachiliwa.

MKATE

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Baada ya kifo cha Amy, watu wasiojulikana na familia walikuwa wanatuma barua na pesa. Wazazi wangeweza kujenga mnara mkubwa. Badala yake walianzisha mfuko wa hisani kwa jina lake, na 1997 ukaandikishwa Afrika Kusini kama Amy Biehl Foundation. Siku hizi unaitwa Amy Foundation.

Kazi yake haikupelekwa mbali na mahali pa msiba. Ilianza katika mitaa ileile: Gugulethu na mitaa jirani. Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Shule inafungwa mchana, mzazi anarudi jioni. Katikati hapo kuna saa nyingi ambazo mtoto yuko barabarani, na barabarani kuna magenge. Basi wakaweka masomo ya baada ya shule: kusoma, muziki, ngoma, michezo, elimu ya UKIMWI. Baadaye wakaongeza mafunzo ya kazi kwa vijana wakubwa.

Tena wakaanzisha mkate. Ndiyo, mkate wa kula, uliouzwa kwa jina la Amy, ili biashara isaidie programu za watoto. Hapo tulicheka kidogo, halafu tukafikiri. Peter Biehl alikuwa mtu wa biashara na alijua kwamba msaada una mwisho. Mfuko ulipata pia pesa za serikali ya Marekani katika miaka yake ya mwanzo, lakini mradi wa mfadhili una tarehe ya kufungwa. Sisi hatuhitaji kufundishwa hilo. Tumeona rasheni ikipunguzwa, tumeona vibao vya miradi vinabaki vimesimama na mradi wenyewe haupo.

WAWILI WALIORUDI

Nofemela na Peni walipotoka gerezani, walianza shughuli za vijana mtaani kwao. Mwaka 1999 wakakutana na wazazi wa Amy. Walisaidiwa kupata mafunzo ya ujenzi, na baadaye wakaajiriwa na mfuko wenye jina la mtu waliyehukumiwa kwa kumuua. Walifanya kazi hapo miaka mingi. Peter alifariki 2002. Linda akaendelea, na mara nyingi alisafiri pamoja nao wakielezea historia yao mbele ya watu. Vijana hao walimwita Makhulu, yaani bibi. Mwaka 2008 serikali ya Afrika Kusini ilimpa Linda nishani ya O. R. Tambo.

Tuseme wazi: ni wawili. Wengine wawili hawakushika njia hiyo. Na mwaka 2016 mwandishi Justine van der Leun alitoa kitabu chenye maswali magumu juu ya hadithi hii, hata juu ya nani hasa alifanya nini siku ile. Kwa hiyo msiibebe kama hadithi ya malaika.

MASWALI TULIYOULIZANA

Dada mmoja wa kundi letu aliuliza swali ambalo lilituchoma: kwa nini Mmarekani mmoja anapata mfuko, vitabu na nishani, na watu weusi maelfu waliouawa miaka ile hawana hata kibao? Ni swali la haki. Katika NY1 hiyohiyo kuna ukumbusho mwingine, wa vijana saba waliouawa na polisi tarehe 3 Machi 1986, ambao huitwa Saba wa Gugulethu. Mama zao walilia mbele ya tume ileile. Hawakuwa na marafiki Marekani wa kuwatumia pesa. Tunakubali kwamba dunia haipimi vifo kwa mizani moja. Tunajua vijiji vya kwetu ambako watu waliisha na hakuna mwandishi wa habari aliyefika.

Lakini mwingine akajibu: ndiyo maana tusisubiri dunia. Mtoto wa Gugulethu aliyejifunza kusoma kwa jina la Amy hakumnyang'anya mtu kitu.

Swali la pili lilikuwa zito zaidi. Kaka mmoja alisema: "Mnataka kutuambia tusamehe?" Hapa kambini tunaishi na watu wa pande zote. Mwingine anamwona kwenye foleni ya maji mtu anayefanana na aliyechoma nyumba yao. Hapana, ndugu. Hatumwambii mtu yeyote asamehe, wala hatumpangii siku. Hata Gugulethu ukweli ulisemwa kwanza, tena hadharani, mbele ya waliofiwa. Sisi wengi ukweli huo bado hatujaambiwa. Tunachosema ni kidogo zaidi: unaweza kufanya kazi kwa jina la marehemu wako hata kabla moyo haujapoa. Linda na Peter hawakungoja machozi yakauke.

Na swali la tatu lilihusu majirani. Mfuko ule ungeweza kusema, mtaa huu ulimuua binti yetu, hatutoi kitu hapa. Wao walirudi kwenye mtaa uleule. Sasa sisi tunaishi Dowa, katikati ya vijiji vya Wamalawi ambao nao wengi hawana kitu. Tumewahi kugombana nao juu ya kuni, na maneno mabaya yamesemwa huku na huku. Lakini pia Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa hapa 2014, huwaleta Wamalawi kwa wingi, wakalala katika nyumba zetu na kula chakula chetu. Kwa hiyo inawezekana. Na mwenzetu marehemu, wakati wa uhai wake, alikuwa na watoto watatu wa kijijini katika darasa lake. Hakuwahi kututangazia. Tulijua siku ya mazishi, mama mmoja alipokuja na ndoo ya mahindi akisema kwa Kichewa kwamba mwalimu wa mwanawe amefariki.

TULIPOFIKA

Kikao cha nne kilifanyika Jumamosi iliyopita nyumbani kwa mama wa marehemu. Tulimsomea historia hii, tukamweleza mawazo yote, hata la kaburi. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema msalaba wa mbao uliopo unamtosha, ila jina lirudiwe rangi kabla ya mvua. Kisha akaingia ndani, akatoa ule ubao uliovunjika kona, akatukabidhi.

Basi tumeamua. Rangi ya msalaba itanunuliwa kwanza, maana mama ndiye aliyesema. Kiasi kinachobaki ni cha chaki, madaftari na taa moja ya sola. Darasa la jioni linaanza tena Jumatatu, pembeni ya njia ya kwenda kijijini, ili watoto wa pande zote wafike bila kupita katikati ya kambi. Walimu ni sisi, kwa zamu, watu sita. Mkate hatuna, oveni yenyewe iko wapi? Lakini dada zetu wawili wamesema watakaanga mandazi ya kuuza Jumamosi, na sehemu ya faida itanunua chaki. Hesabu itabandikwa ukutani kila mwisho wa mwezi, kila mtu aisome. Tumeona michango mingi hapa ikiisha kwa kushukiana, na hatutaki jina la ndugu yetu lichafuliwe hivyo.

Dzaleka zamani ilikuwa gereza la kisiasa. Mahali walipofungwa watu, leo mtoto anaweza kujifunza kugawanya sehemu kwa sehemu chini ya taa ya sola. Hatusemi kwamba jambo hilo linafuta lililotangulia. Wale waliofungwa walifungwa, na Amy hakurudi.

Nyinyi wa kambi nyingine, tuambieni: wafu wenu mnawakumbuka kwa kazi gani? Na wahudumu mnaotusomea, hatuombi mradi. Mkiwa na chaki za ziada ofisini, mnajua darasa liko wapi.

 Zamu ijayo ni ya wenzetu wa Nakivale.