Muhuri wa Mbali

Mwaka 1996 mwalimu mwenzangu pale Mbalizi alipokea kutoka Marekani bahasha kubwa ya kahawia. Ndani mlikuwa na shahada ya elimu, karatasi nzito yenye muhuri wa dhahabu. Alikuwa ameisomea kwa njia ya posta, na karo alilipa kwa kahawa ya misimu miwili. Tulimpongeza, tukanywa soda. Alipoipeleka kwa mwajiri, aliambiwa chuo hicho hakitambuliwi popote.

"Kaka," aliniuliza jioni ile, "Marekani vyuo hutambuliwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nililipata baadaye, na ni la ajabu kidogo kwetu tuliozoea kila kitu kusajiliwa wizarani. Kule vyuo hukaguana vyenyewe. Tangu 1885 shule na vyuo vya kanda moja viliunda chama, na chama kikawa kinawapeleka walimu wa chuo kimoja kukagua kingine: maktaba, hesabu za fedha, walimu, mitihani. Serikali kuu hukitambua chama, chama hukitambua chuo. Kwa miaka mingi ithibati ya kanda ndiyo iliyoheshimiwa kuliko nyingine, mpaka mwaka 2020 wizara yao ilipoacha kutenganisha vyama vya kanda na vya taifa.

Basi vyuo vya nje navyo vikaanza kubisha hodi. Mwaka 2005 Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, chenye hati ya Malkia tangu 1969, kilipata ithibati ya chama cha kanda cha Middle States. Na Athabasca cha Kanada, nacho cha masomo ya mbali, kikapata. Jirani zetu wa USIU, Nairobi, hawafundishi kwa posta, lakini kisa chao kinafundisha. Chuo kilianzishwa mwaka 1969 kama tawi la chuo cha San Diego, kikiishi chini ya ithibati ya mzazi. Mwaka 2001 mzazi akaungana na chuo kingine, na mtoto akalazimika kujitafutia ithibati yake. Aliipata mwaka 2008.

Nisiwacheke. Sisi wenyewe tulianza na muhuri wa kuazima. Makerere ilitoa shahada za London tangu 1949, na chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, kwa masomo ya sheria tu, shahada zake zilikuwa za London vilevile. Hakuna aliyeziita karatasi bure, kwa sababu London ilisimamia mitihani.

Hapo ndipo mwenzangu alipodanganyika. Aliutazama muhuri, hakuuliza nani yuko nyuma yake. Na angemwuliza nani, Mbalizi, mwaka ule? Baraza la kwanza la ithibati nchini lilikuwa limeanza mwaka 1995 tu. Tume ya Vyuo Vikuu, ambayo sasa huhakiki shahada za nje, ilikuja mwaka 2005.

Ila Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilikuwapo, kwa sheria ya mwaka 1992. Mwenzangu alijiandikisha akiwa na miaka arobaini na mitatu. Siku za mitihani alipanda Hiace alfajiri kwenda Mbeya mjini, daftari kifuani. Shahada hiyo ameitundika sebuleni. Ile ya muhuri wa dhahabu mkewe aliikuta sandukuni, akauliza kama aitupe.

"Iache," alisema. "Nililipia."