Lori linapogonga mbele: namna ya kutambua chanzo kabla ya kuvuka Gisenyi

GISENYI, Rwanda – Lori linalofika mpakani hapa likitokea Dar es Salaam limekwishatembea takriban kilomita 1,600, na lile la kutoka Mombasa kupitia Kampala zaidi ya kilomita 1,700. Kama miguu ya mbele imeanza kugonga njiani, Gisenyi ndipo mahali pa mwisho pa kuamua: kutengeneza hapa wilayani Rubavu, au kuvuka kwenda Goma na kukabili barabara zenye mawe ya volkano.

Uamuzi huo si wa fundi peke yake. Mara nyingi mwenye gari yuko mbali, anapigiwa simu na kuombwa fedha za vipuri. Akituma fedha za shokapu wakati kilicholegea ni yubolti, atalipa mara mbili na mlio utabaki palepale. Akikataa kutuma wakati kingipini imekwisha, anahatarisha gari, mzigo na maisha ya watu.

Kwa nini njia hii huchosha mbele ya gari

Barabara ya kutoka Kigali kupitia Musanze ina urefu wa takriban kilomita 155. Hupanda milima yenye urefu wa zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kisha hushuka hadi Ziwa Kivu lililoko kwenye mita 1,460 hivi. Katika mteremko huo dereva hushika breki mara kwa mara, na kila anaposhika uzito huhamia mbele. Springi, pini na yubolti ndizo zinazoizuia ekseli isisogee.

Aidha, Rwanda na Kongo huendesha kulia wakati Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto. Magurudumu yanayopita ukingoni mwa barabara hubadilika baada ya kuvuka mpaka, hivyo pande zote mbili hupata zamu ya mashimo. Isidhaniwe kwamba upande mmoja tu ndio wa kukaguliwa.

Upande wa Goma, mlipuko wa Nyiragongo wa Januari 17, 2002 ulipitisha lava katikati ya mji, na mitaa mingi ambayo haina lami ina mawe makali. Pini iliyolegea kidogo kwenye lami hulegea zaidi huko kwa muda mfupi.

Hatua ya kwanza: mlio unatokea wakati gani?

Kabla ya kufungua nati yoyote, dereva aulizwe mlio hutokea gari likifanya nini. Jibu hupunguza kazi kwa kiasi kikubwa.

Ukitokea kwenye matuta na mashimo gari likienda polepole, wa kuangaliwa kwanza ni bushi na pini za springi, shekeli, na bolti zinazoshika shokapu.

Ukitokea mara moja unaposhika breki, na tena unaporudi nyuma na kushika breki, ekseli huenda inasogea. Kagua yubolti, senta bolti na pini ya mbele ya springi. Mfumo wa breki nao ukaguliwe, kwa kuwa bushi za shafti ya breki zilizokwisha zinaweza kugonga pia.

Ukitokea unapozungusha usukani gari likiwa limesimama, chanzo huwa ni tairodi, draglinki, kingipini, kruzi ya shafti ya usukani, au bolti zinazofunga boksi ya stelingi kwenye chesisi.

Ukirudiarudia na kuongezeka kasi kadiri gurudumu linavyozunguka, simamisha gari mara moja. Hiyo inaweza kuwa nati za gurudumu zilizolegea au beringi iliyovunjika, na gurudumu linaweza kuchomoka.

Ukisikika ndani ya kebini tu, wakati mtu aliye nje hasikii kitu kwenye miguu, kagua mipira ya kebini, shokapu zake na kufuli la kuifunga baada ya kuinuliwa. Kebini isiyofungwa sawasawa hupiga kelele inayofanana kabisa na ya springi.

Hatua ya pili: ukaguzi gari likiwa chini

Gari lisimame mahali tambarare, likiwa limefungwa breki ya mkono na kuwekewa magogo kwenye magurudumu ya nyuma. Injini ikiwa imezimwa, angalia nati za magurudumu, kisha yubolti. Mstari wa kutu unaotiririka kutoka kwenye nati, au chuma kinachong'aa mahali ambapo kilipaswa kuwa na vumbi, ni dalili kwamba vitu viwili vinasuguana. Hesabu majani ya springi moja baada ya jingine. Jani linaweza kuvunjika karibu na senta bolti, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi.

Baada ya hapo injini iwashwe ili stelingi iwe na nguvu. Mtu mmoja atikise usukani kushoto na kulia kidogo tu, mwingine atazame kila kiungo akiwa pembeni, si kati ya gurudumu na chesisi. Kama mkono wa usukani unasogea na tairodi inachelewa kufuata, kiungo kati yao kimekwisha. Tairodi endi inayocheza hata ikisukumwa kwa mkono haitengenezwi, hubadilishwa.

Hatua ya tatu: kutofautisha kingipini na beringi

Inua ekseli kwa jeki na uweke stendi imara. Kwenye changarawe ya volkano jeki iwekewe ubao mnene chini, na mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.

Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mtu aliye kwenye kebini akanyage breki ya mguu, kisha litikiswe tena. Mchezo ukipotea, tatizo liko kwenye beringi, kwa sababu breki imelifunga gurudumu pamoja na mguu wake. Ukibaki, kingipini au bushi zake zimekwisha. Kisha shika tairi kushoto na kulia. Mchezo hapo huelekeza kwenye tairodi.

Weka mtaimbo chini ya tairi na ulinyanyue. Likipanda na kushuka kwa mlio, beringi ya chini ya kingipini au washa zake zimeisha. Mtaimbo huohuo, ukiingizwa kati ya jicho la springi na mkono wake, utaonyesha bushi iliyolegea.

Kipimo cha mwisho cha mchezo unaoruhusiwa hutolewa na mtengenezaji wa gari husika, na hutofautiana kati ya Scania, Mercedes-Benz, Howo na Fuso.

Lipi la kutengeneza leo, lipi linaweza kusubiri

Nati za gurudumu, beringi, tairodi endi, draglinki, kingipini, yubolti na senta bolti hazisubiri. Kuharibika kwake kunaweza kumnyima dereva usukani. Bushi ya shokapu au mpira wa kebini unaweza kusubiri gari lirudi nyumbani, mradi bolti zake zimekazwa.

Yubolti iliyofunguliwa isirudishwe. Iwekwe mpya na kukazwa kwa spana ya toki. Vyuma vya stelingi visichomelewe wala kupashwa moto vinyooke. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, na yubolti zikaguliwe upya gari likiwa na mzigo.

Uzito nao usisahaulike. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani na tani 56 kwa gari zima. Mzigo uliosogezwa mbele mno unaweza kupita mizani kwa jumla yake, huku ukimaliza kingipini.

Mzigo wa transiti ukiwa juu

Lori lenye lakiri ya forodha halina uhuru wa kuhamisha mzigo kwa kuwa limeharibika. Ofisa wa forodha wa karibu aarifiwe kwanza, na lakiri ivunjwe kwa idhini yake tu. Magari yaliyo kwenye mfumo wa kikanda wa kufuatilia mizigo kwa elektroniki, ulioanza mwaka 2017 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, huonekana yanapotoka njia iliyopangwa. Hata safari fupi ya majaribio baada ya matengenezo itolewe taarifa.

Mwenye gari anayepigiwa simu aulize mambo manne kabla ya kutuma fedha: mlio unatokea wakati gani, upande gani, kiungo gani kimeonekana kikicheza, na kilijaribiwaje. Fundi aliyefanya ukaguzi ataweza kuonyesha mchezo huo kwa video ya simu, na kukabidhi kipuri cha zamani baada ya kazi. Asiyeweza kuuonyesha bado anabahatisha, na fedha za kubahatisha ni za mwenye gari.