Savana, meli na gazeti

Wiki hii niko Garissa naandika programu ya kukusanya habari za malisho kwa wafugaji. Neno la kutafuta: savannah. Mnajua ilileta nini? Meli ya nyuklia na gazeti!

Vyote viwili vina jina la mji wa Savannah, Georgia, Marekani. Mwaka 1819 meli ya mvuke Savannah ilitoka huko ikavuka Atlantiki, ingawa sehemu kubwa ya safari ilisukumwa na matanga. Gazeti, leo Savannah Morning News, lilianza 1850. Habari hiyo ililipita kwa miaka 31. Meli ya nyuklia ikashushwa majini 1959, ikarithi jina, na 1962 ikafika mjini. Safari hii gazeti lilikuwepo.

Kinu chake kilitoa megawati 74 za joto. (Msizilinganishe na megawati 50 na ushee za kituo cha jua hapa Garissa, kilichozinduliwa 2019. Hizo ni za umeme.) Kinu kilifanya kazi vizuri. Ila 1963 maafisa wa meli waligombania mishahara mpaka ikasimama, gharama zikashinda mapato, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikastaafishwa.

Nirudi kazini. Nimeweka sharti: kila tokeo litaje mvua. Meli imetoka. Gazeti bado linapenya, maana huandika hali ya hewa kila siku. Na mfugaji akihamisha ngamia kwa kufuata mvua ya Georgia, atakayelaumiwa ni mimi.