Hesabu ya Ngazi: Al Sadd na Tanganyika

Katika mtaa wa Al Sadd, Doha, wafanyakazi wanaoingia maofisini na madukani asubuhi wametoka pembe nyingi za dunia, Afrika Mashariki ikiwemo. Zaidi ya tisa ya kumi ya watu walio kazini nchini Qatar ni wageni. Ndiyo maana mwaka 2000 sekta ya nishati na viwanda ya nchi hiyo ilijiwekea lengo kwamba nusu ya nafasi zake za kudumu zishikwe na Waqatari. Wenyeji watapandaje ngazi iliyojaa wageni? Swali hilo Tanganyika ililikabili karibu miaka arobaini kabla.

Ngazi za kazi zina hesabu yake. Mwaka 1945 Hilary Seal alichapisha katika jarida la Biometrika kanuni za jamii yenye matabaka, ambamo kila tabaka hujazwa na watu wa tabaka lililo chini yake. Kiini chake ni chepesi: hapandi mtu mpaka wa juu atoke, au nafasi ziongezwe. Tuchukue wakuu 100. Kila mmoja akikaa kitini miaka 10, kila mwaka hupatikana nafasi 10. Akikaa miaka 25, hupatikana 4 tu.

Tanganyika ilipopata uhuru, Desemba 1961, Waingereza bado walishika vyeo vingi vya juu, na chuo kikuu kilikuwa kimefunguliwa miezi miwili tu nyuma, kikiwa na kitivo kimoja, cha sheria. Mwaka 1962 George Tobias aliifanyia serikali hesabu ya wataalamu waliokuwepo na waliohitajika. Mpango wa Miaka Mitano wa 1964 ukaweka lengo la nchi kujitosheleza kwa wataalamu ifikapo 1980.

Lakini watu hawasubiri kama tarakimu. Januari 1964 Rais Nyerere alitangaza kwamba raia wote, bila kujali rangi, watahesabiwa sawa katika ajira. Siku chache baadaye, tarehe 20, askari wa kambi ya Colito waliasi. Walidai mishahara, na walidai maofisa Waingereza waondoke. Oktoba 1966 ikawa zamu ya wanafunzi. Waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyowaachia asilimia 40 tu ya mshahara. Karibu 400 walirudishwa makwao, na Nyerere akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wanafunzi wale walijiona warithi wa viti vya wakoloni. Serikali iliwaona wadeni wa wakulima waliolipia masomo yao.

Hapo ndipo hesabu ya Seal inapouma. Kijana wa miaka 30 akipewa kiti cha mzungu, na umri wa kustaafu ukiwa 55, kiti hicho hakitakuwa wazi kwa miaka 25. Mdogo wake anayehitimu miaka mitano baadaye, mwenye shahada ileile, atakuta kina mwenyewe. Hakuna aliyemdhulumu, amechelewa tu kuzaliwa. Kwa hiyo kujaza vyeo vyote kwa mkupuo ni kukopa nafasi za kizazi kinachofuata.

Tanganyika haikuwa na anasa ya kungoja, na sidhani ilikosea kuharakisha. Ila anayepanga lengo la asilimia, Doha au Dodoma, asiulize tu ni wangapi watakaa juu. Aulize pia watakaa muda gani, na nani anangoja chini.