CSS, Mnada na Kahawa ya Karagwe: Nani Anauona Mzigo?

Mwaka 1994 jamaa mmoja wa Norway aliyekuwa akipiga kazi CERN, kule Uswisi, alikuja na wazo: maandishi ya ukurasa wa mtandaoni yakae kivyake, rangi na mpangilio navyo kivyake. Ndiyo ikazaliwa CSS, yaani faili la mitindo.

Mwaka uliofuata, programa mmoja wa California akafungua tovuti ya mnada ambayo leo inaitwa eBay. Unajua moja ya vitu vya mwanzo kabisa kuuzwa pale? Tochi ya leza, tena mbovu! Ilikwenda kwa dola 14.83. Muuzaji alimuuliza mnunuzi kama ameelewa kwamba ni mbovu. Jamaa akajibu kuwa yeye anakusanya hizo hizo mbovu.

Baadaye wauzaji wakaanza kuivalisha mizigo yao. Mwenye kujua CSS aliweka fremu, rangi za duka lake na picha zilizopangwa vizuri. Wengine wakazidisha mbwembwe, kurasa zikawa nzito. Mwaka 2017 eBay ikapiga stop JavaScript na Flash kwenye maelezo ya bidhaa. CSS ikabaki.

Sasa njoo Karagwe na Kyerwa, wilaya zilizokuwa moja hadi 2012. Huku mzigo wa mnada ni kahawa, nyingi ikiwa robusta ya maganda. Na huku tatizo halikuwa mbwembwe, lilikuwa giza.

Kuna kitu kinaitwa butura. Mkulima amebanwa na ada ya mtoto au mgonjwa nyumbani, anauza kahawa ikiwa bado maua mtini. Hakuna mizani wala daraja. Anayeuona mzigo ni mnunuzi mmoja tu, na bei anaitaja yeye. Serikali imepiga marufuku mara kibao, lakini shida haijui marufuku. Wengine walivusha magunia kimagendo kwenda Uganda.

Kahawa iliyopitia chama cha msingi na KDCU nayo, kwa miaka mingi, mnada wake ulikuwa Moshi, mbali kabisa na shamba. Miaka ya karibuni mnada ukasogezwa Kagera, na wanunuzi wakaanza kushindana kwa mfumo wa kielektroniki.

Tangazo la mnada huo halihitaji urembo. Kinachotakiwa ni ghala lipi, kilo ngapi, kahawa aina gani na ubora upi. Mistari michache tu, ila inasomwa na wanunuzi wengi kwa wakati mmoja. Hapo ndipo bei inapopata nguvu.

Ndiyo maana ile tochi mbovu bado ina somo: iliuzwa kwa sababu ukweli wake ulijulikana. CSS inamsaidia mnunuzi kuusoma mzigo haraka, lakini haiwezi kukausha kahawa mbichi.

Na wewe mwenye duka Insta, unayeandika "bei njoo inbox", mteja wako anauona mzigo au unamuuzia maua?