Nyumba Zilizogeuka Bustani

Wengi wetu tunaijua Marekani ya kwenye sinema: nyumba yenye majani mbele, gari mlangoni, watoto na baiskeli. Mimi mpangaji wa chumba kimoja nimejiuliza sana: jamani, nyumba zile watu walizipataje?

Jibu, ndugu msomaji, si jasho peke yake. Tangu mwaka 1934 serikali yao ilianza kuzidhamini benki: mnunuzi akishindwa kulipa, hasara inabebwa na serikali. Mwaka 1944 ikatoka sheria ya kuwasaidia askari waliotoka vitani, na wengi wakapata nyumba bila hata malipo ya awali. Unalipa kila mwezi kama kodi, lakini mwisho wa yote nyumba ni yako, na wanao watairithi. Ila mlango huo mtu mweusi mara nyingi aliukuta umefungwa.

Tazama Deerfield, kitongoji kilicho kaskazini mwa Chicago. Mwaka 1950 kilikuwa na watu kama 3,300. Mwaka 1960 walikaribia 11,800. Nyumba zilichipuka kama uyoga. Mwaka 1959 kampuni ya mjenzi Morris Milgram ikapata viwanja huko ili ijenge nyumba 51. Novemba ikajulikana kwamba nyumba kama 10 au 12 hivi zingeuzwa kwa familia za watu weusi. Weee! Mikutano ikafurika, watu wakahofia eti bei ya nyumba zao itaanguka. Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Pale mgeni alizuiwa kabla hajafunga mizigo.

Sasa angalia walivyofanya. Hawakuandika popote kwamba weusi hawatakiwi. Walisema tu kwamba mji unahitaji bustani za mapumziko. Desemba 21 wakapiga kura viwanja vilevile vichukuliwe, na kura za ndiyo zikazidi mara mbili ya zile za hapana. Nyumba mbili za mfano zilikuwa zimeshaanza kujengwa. Kampuni ikaenda mahakamani, ikashindwa. Bustani zikawa bustani kweli.

Sheria ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba ilipita Aprili 1968, siku chache baada ya Martin Luther King kuuawa. Familia iliyokataliwa mwaka 1959 ilikuwa imeshapoteza miaka tisa ya kulipia kilicho chake.

Sisi tunaojifunza kuandika tunapenda mwovu mwenye macho mekundu na sauti nzito. Deerfield kulikuwa na baba na mama wa kawaida, wamepanga foleni kwa adabu siku nne kabla ya Krismasi, wanapigia kura bustani. Nadhani hao ndio wagumu kuwaandika, na ndio ningependa tuanze nao.